Nobel ya atomiki na foleni ya Kenyatta
Kwa miaka mingi, mkazi wa Kibera au Kawangware aliyeugua saratani alikuwa na hospitali moja tu ya umma ya kumtibu kwa mionzi: Kenyatta. Foleni ilikuwa ya miezi.

Oktoba 2005, mwaka mmoja baada ya Profesa Wangari Maathai, Tuzo ya Amani ya Nobel ilikwenda kwa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) na mkurugenzi wake, Mohamed ElBaradei wa Misri. Wengi waliiona kuwa kijembe kwa Marekani. Mwaka 2003 ElBaradei aliliambia Baraza la Usalama kwamba hakupata ushahidi wa Iraq kufufua mpango wa silaha za nyuklia. Baadaye Washington ilipinga apewe muhula wa tatu. Kamati ya Nobel ilikana kumlenga yeyote.

Siasa hizo zilifunika habari ya fedha. IAEA, ambayo pia hueneza matumizi ya mionzi katika tiba, ilielekeza nusu yake ya kronor milioni 10 za Sweden kwenye mfuko wa kufunza wataalamu wa saratani na lishe katika nchi zinazoendelea. Mfuko wa mafunzo, si wa mashine; na foleni ya Kenyatta, ole wake mgonjwa, ilingoja mashine pia.