Sakafu ya marumaru na mshahara tuliomkata binti

Ilikuwa kumi la pili la mwezi mtukufu wa Ramadhani tulipoliona alama ile. Usiku uliotangulia tulikuwa tumefuturisha jamaa na majirani sebuleni. Watu waliketi juu ya mabusati, na mbele yao palikuwa na tambi, mihogo ya nazi, sambusa na majagi ya sharubati ya ukwaju. Asubuhi, mwanga ulipopenya dirishani, tukaona duara lililofifia, la ukubwa wa kitako cha jagi, katikati ya sakafu ambayo hadi jana yake ilikuwa ikiakisi taa kama maji yaliyotulia.

Tulimwita binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Tulimwambia kwamba hakupiga deki ipasavyo, tukamwamuru asugue kwa limau. Limau liliposhindwa, tukampa dawa ya kusafishia choo. Duara likatanuka likawa kama sinia. Binti alisema kwa sauti ya chini, "Mama, kadiri ninavyosugua ndivyo linavyozidi." Hatukumsikiliza. Siku ya mshahara ilipofika tulimkata sehemu ya haki yake, tena Idi ikiwa inabisha hodi.

Baada ya sikukuu tulimwita fundi wa mawe, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Alipiga magoti, akapapasa mahali pale kwa kiganja, kisha akauliza swali moja tu: "Hapa mlimwaga nini chenye ukali?" Tangu siku ile tumejifunza mambo ambayo tunaona si haki kuyaficha kwa wasomaji wetu wenye nyumba za aina hii.

Jina moja, vitu viwili

Chanzo cha makosa mengi ni jina. Huku kwetu neno marumaru limezoeleka kutumika kwa vigae vyote vinavyong'aa, ilhali vigae vingi vya madukani ni udongo uliochomwa katika tanuri na kupakwa ngozi ya kioo. Vigae hivyo huvumilia dawa kali. Marumaru halisi ni jiwe lililochimbwa ardhini, na tabia yake ni nyingine kabisa.

Jiwe hili ndilo lililojengewa Taj Mahal kule Agra, kwa marumaru nyeupe ya Makrana. Marumaru ya kisiwa cha Thassos, Ugiriki, imetandazwa katika uwanja wa kutufia wa Masjid al-Haram, na husifika kwa kubaki ya baridi chini ya jua kali la Makka. Lakini fahari yake isitufanye tusahau asili yake: marumaru ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa wa ardhi. Ni jamaa wa chokaa ya ukutani na wa ganda la yai.

Fundi alitupa ushahidi. Alikwangua kipande kilichobaki cha jiwe lile, akakusanya unga wake kwenye kisosi, akadondoshea maji ya limau. Unga ukatoa povu. Asidi ya limau hula chokaa na kuifukuza ikiwa hewa. Kwa hiyo lile duara halikuwa uchafu uliogoma kutoka. Lilikuwa jeraha: ukwaju uliochuruzika chini ya jagi ulikuwa umeula mng'aro usiku kucha. Nasi, kwa kuamuru limau na dawa ya choo, tulikuwa tukitibu kidonda kwa kisu kilekile kilichokichimba.

Orodha ya maadui basi ni ndefu kuliko tulivyodhani: limau, ndimu, siki, ukwaju, nyanya, maji ya machungwa, soda, na hasa dawa za chooni zenye tindikali. Kikimwagika kimojawapo, kifyonzwe papo hapo kwa kitambaa kwa kugandamiza, si kwa kusugua, kisha mahali pale paoshwe kwa maji na kukaushwa.

Kazi ya kila siku

Adui wa pili ni mchanga. Katika kipimo cha ugumu wa mawe, chenye ngazi 1 hadi 10, marumaru huwa takriban ngazi ya 3, na chembe nyingi za mchanga wa kawaida zina ngazi ya 7. Kila hatua ya kiatu chenye mchanga ni kama msasa. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni, ambayo wengine huiona ni adabu tu, ndiyo kinga bora ya sakafu hii. Ongeza busati la kupangusia miguu nje na jingine ndani, na fagia kila siku kwa ufagio laini kabla ya kupiga deki, kwani dekio lenye maji juu ya mchanga hukwaruza.

Kwa deki yatosha maji safi ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali, kidogo tu. Sabuni ikizidi huacha utando unaofifiza mng'aro. Suuza kwa maji mengine, kisha kausha kwa kitambaa laini. Stilwaya na unga wa kusugulia masufuria visiguse jiwe hili.

Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, wakumbuke kwamba maji hayo yakikaukia sakafuni huacha ukungu mweupe. Msisahihishe ukungu huo kwa siki. Suuzeni mara ya mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kausheni mapema.

Mtoto akikojoa, kausheni mkojo kwa kitambaa, mimineni maji safi, kausheni tena. Masuala ya hukumu za tohara tunawaachia masheikh wetu. Tunachosema ni kwamba usafi wa mahali pa kuswalia hauhitaji dawa yenye kuunguza jiwe. Chetezo nacho kiwekwe juu ya sinia, kwani kaa moja likidondoka laweza kuacha alama isiyotoka kwa deki.

Doa na jeraha

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Alama iliyofifia kuliko jiwe, isiyo na rangi yake yenyewe, ni jeraha la asidi. Hiyo huondolewa na fundi kwa kusaga upya kwa pedi za almasi, kuanzia ya mikwaruzo mikubwa hadi laini kabisa, kisha kung'arisha. Alama iliyo nyeusi zaidi au yenye rangi, mathalani mafuta ya kula, ni doa lililozama katika vitundu vya jiwe. Doa la mafuta mara nyingi hutoka nyumbani: koroga soda ya kuokea kwa maji iwe nzito kama uji mzito, paka, funika kwa karatasi ya nailoni kwa muda wa siku moja, kisha funua uache ukauke, uondoe. Huenda ikabidi kurudia. Jaribu kwanza pembeni, mahali pasipoonekana.

Ipo dawa ya kuziba vitundu vya jiwe. Dondosha maji na usubiri dakika 10 hadi 15: jiwe likiiva rangi chini ya maji, dawa imekwisha. Lakini fahamu kuwa dawa hiyo huchelewesha madoa tu, haizuii asidi. Wala usipake nta ile ya sakafu za saruji nyekundu. Hukusanya vumbi na kuifanya sakafu iteleze, jambo la hatari kwa wazee wetu, hasa wanapotoka kutawadha na miguu imelowa.

Tahadhari moja ni ya uhai wa watu: kamwe msichanganye dawa ya choo yenye tindikali na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu, na anayeivuta kwanza ni yule aliyeinama kudeki.

Tulichorudisha

Fundi alimaliza kazi yake kwa siku moja, na duara likatoweka. Lililobaki halikuwa la fundi. Tulimwita binti, tukamrudishia fedha yake yote, tukamwomba radhi mbele ya watoto, kwa kuwa mbele ya watoto ndipo tulipomkaripia.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nimesamehe, mama. Ila ile dawa ya choo msinipe tena. Ilikuwa ikiniwasha mikono, na usiku kifua kikinibana." Wiki nzima tuliliangalia jiwe, wala hatukuitazama mikono iliyolisugua. Ndugu msomaji, kabla hujamlaumu mtu wa nyumbani mwako kwa alama ya sakafuni, muulize kwanza fundi, na ujiulize wewe mwenyewe ulichomkabidhi mkononi.

Wabillahi tawfiq.