Nani Anashika Mizani? Mageuzi katika Nchi ya Korosho

Katika lugha ya siasa, mageuzi hayalingani na mapinduzi: mapinduzi huuondoa utawala mmoja na kuusimika mwingine kwa mkupuo, ilhali mageuzi hubadili sheria, taratibu na desturi bila kubomoa nyumba nzima. Masasi na Newala, wilaya mbili za kusini mwa Tanzania, zimepitiwa na mageuzi mengi tangu karne ya 19, na karibu yote yaliletwa na mgeni, awe mmisionari, mkoloni au kiongozi wa serikali kutoka Dar es Salaam. Kwa kuwa nia za walioyaleta mara nyingi zilikuwa njema, kinachofaa kuchunguzwa zaidi ni mahali uamuzi ulipobaki baada ya wao kumaliza kazi yao.

Mgeni wa kwanza kuacha alama ya kudumu alikuwa Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambaye mwaka 1876 aliwaleta Masasi watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar na kuwaanzishia makazi. Miongo kadhaa baadaye Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi (1926 hadi 1944), alikabiliana na jando, yaani mafunzo na tohara ya wavulana. Wamisionari wengi wa zama zake waliiona desturi hiyo kuwa ushenzi wa kupigwa marufuku, lakini yeye aliamua kuiacha isimame na kuibadili kutoka ndani, hivi kwamba vijana waliendelea kukaa kumbini, kambi ya jando, na kufundishwa na wazee, huku sala na baraka za padri zikichukua nafasi ya tambiko kwa mizimu. Upande wa unyago wa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu siri zake zilikuwa mikononi mwa wanawake, na padri, awe askofu au la, hakuwa na njia ya kuingia.

Katika utawala, Wamakonde wa nyanda za juu za Newala hawakuwa na mtemi wala sultani, kwani kila eneo dogo lilimtazama mkulungwa wake, mzee aliyepata heshima kwa ukoo na kwa kutangulia kukaa katika ardhi ile. Wajerumani waliwawekea maakida na majumbe, na Waingereza waliofuata, wakitaka kutawala kupitia wakuu wa jadi, walijikuta wanatafuta wakuu ambao jadi yenyewe haikuwajua. Serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, katika nyanda hizi ilifuta kitu ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa kimebuniwa ofisini.

Mageuzi yaliyogusa kila jiko, hata hivyo, yalipitia kwenye mkorosho. Mti huu hauhitaji mbolea nyingi wala umwagiliaji, lakini unahitaji mtu karibu: bibo, tunda lake, hudondoka na korosho yake, na mwenye shamba huiokota chini na kuitenganisha kwa mkono, jambo lisilowezekana kama chini ya mti hapajapaliliwa na kufagiliwa. Shamba likiachwa, korosho hupotea vichakani na moto wa nyika huingia.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Mkoa wa Mtwara, zilimo wilaya hizi, ulikuwa mstari wa mbele katika kuanzisha vijiji vya ujamaa, kwa itikadi na pia kwa usalama, kwa kuwa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vinapiganwa ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Sera ililenga kuwakusanya watu ili shule, zahanati na maji viwafikie, na katika nyanda ambako wanawake walikuwa wakiteremka magenge kufuata maji bondeni, hoja hiyo haikuwa ya kubezwa. Lakini watu walihamishwa, mikorosho ikabaki. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi tani 16,500 hivi. Ugonjwa wa ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua, ulichangia sana, na bei ndogo pia. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika na kuiachia mamlaka ya umma ununuzi wa zao, kwa hiyo mkulima aliyekwisha kutenganishwa na miti yake akatenganishwa pia na mizani. Viwanda vikubwa vya kubangua, vikiwamo vya Masasi na Newala, vilijengwa wakati huohuo zao lilipokuwa linaporomoka.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, na miaka ya 1990 ikaleta soko huria, lililoendelea chini ya Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyeongoza nchi kuanzia 1995 hadi 2005. Wanunuzi binafsi walifika hadi kijijini na, kwa msaada wa salfa dhidi ya ubwiri, uzalishaji ulipanda tena. Pamoja nao ilistawi kangomba, ununuzi wa kupima kwa bakuli badala ya mizani, ambao kwa kawaida humpunja muuzaji.

Dawa iliyotolewa ni stakabadhi ghalani, utaratibu uliotokana na sheria ya 2005 na kuanza kutumika Mtwara mwaka 2007. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), hupimiwa, hupewa stakabadhi, na mzigo hukaa ghalani hadi uuzwe kwa mnada unaosimamiwa na vyama vikuu, TANECU kwa wilaya za Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na majirani zake. Kwa miaka mingi barua za zabuni zilifunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima, ambao walikubali au kukataa bei. Siku hizi zabuni hupitia mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), lakini mkutano bado unaitishwa. Kitendo hicho cha kukataa ndicho kiini cha mageuzi haya, kuliko ghala lenyewe. Kilionekana waziwazi msimu wa 2018, wakulima walipozigomea bei za wanunuzi, na Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo huku jeshi likisomba mzigo. Malipo yaliambatana na uhakiki wa mashamba, ili anayelipwa awe mwenye mikorosho kweli, na wengi walisubiri kwa muda mrefu. Mwaka 2024 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000.

Kangomba haijafa, na amri za kuipiga marufuku hazitoshi kuieleza. Kati ya kupeleka gunia na fedha kuingia akaunti kuna siku za kungoja mnada, kungoja malipo ya mnunuzi, na kungoja makato ya halmashauri, chama, ghala na usafirishaji yapigiwe hesabu. Katika siku hizo, pengine hata kabla maua hayajawa korosho, mwenye bakuli hupita nyumba kwa nyumba jioni, pesa taslimu mfukoni.