Kishikwambi cha Kusomea

Baada ya sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Tanzania viligawiwa kwa walimu. Kifaa ambacho wengi walikiona kama simu iliyonenepa kikaingia shuleni.

Dukani muuzaji hutanguliza kamera. Msomaji aanze na uzito. iPad ya kwanza, ya mwaka 2010, ilikuwa na gramu 680 hivi, na mkono ulichoka kabla sura haijaisha. iPad mini ya mwaka 2021 ina gramu 293.

Kisha maandishi. iPad mini ya kwanza ilikuwa na nukta 163 kwa kila inchi, ilhali Kindle Paperwhite za sasa, vifaa vya kusomea vitabu tu, zina 300, na herufi zake zinakaribia za kitabu kilichochapwa. Kioo cha Kindle hakihitaji umeme kushikilia ukurasa, ndiyo maana chaji hukaa wiki kadhaa, na hata juani kinasomeka. Ila WhatsApp na video za masomo hazina nafasi humo. Mwenye bajeti ya kifaa kimoja tu achukue cha Android.

Mtego uko kwenye PDF. Riwaya ya kidijitali hujipanga upya kufuata kioo, lakini kitabu cha kiada kilichopangwa kwa karatasi ya A4 hakijipangi: kwenye inchi saba msomaji hukuza, husukuma kushoto, husukuma kulia, mpaka anasahau alichokuwa akisoma. Kwa vitabu hivyo, inchi nane ni pungufu pia. Kumi ndiyo afadhali.

Tundu la kadi ya kumbukumbu nalo liangaliwe. GB 32 za kwenye boksi huwa zimeshamegwa na mfumo endeshi kabla mnunuzi hajahifadhi chochote.