Kabla ya Kuvuka Mchanga, Ijue Shafti ya Nyuma ya Gari Lako

Mkulima wa Kanyangi akisha kupiga na kupepeta ndengu zake, kazi inayobaki ni kuzifikisha sokoni. Mara nyingi huzipakia katika Land Rover kuukuu au pikapu ya jirani, na njiani hukutana na mito ya mchanga isiyokuwa na daraja. Hapo ndipo shafti ya nyuma hukatika.

Siku moja nilikuwa nimeketi juu ya magunia 11 ya ndengu wakati Land Rover ya mzee mmoja wa kijijini ilipotoa mlio kama wa bunduki katikati ya mto mkavu. Injini iliendelea kunguruma lakini gari halikusogea. Kule vilimani mvua ilikuwa imekwisha anza. Tulibeba magunia mabegani mpaka ukingoni, na mawili ya mwisho yalichukuliwa na maji. Gari lenyewe lilikokotwa na ng'ombe.

Kesho yake tulitazama mahali palipokatika. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi yenye kutu, na mistari iliyopindana kama pete za mti uliokatwa. Sehemu ndogo tu iling'aa kama chembe za sukari. Maana yake ni kwamba ufa ulianza zamani, ukaendelea kidogo kidogo kila safari, na siku ile kilikatika kile kipande kidogo kilichosalia. Mzigo wa siku moja haukuwa na hatia peke yake.

Shafti ni nondo ya chuma cha pua inayotoka katika difu mpaka kwenye gurudumu, moja kila upande. Ziko namna mbili, na kila mwenye gari yampasa kujua yake ni ipi. Tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona kifuniko kilichotokeza nje chenye bolti zake mbali na nati za gurudumu, kama katika Land Rover na malori, basi uzito wa gari unabebwa na habu, na kazi ya shafti ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Lakini katika pikapu kama Toyota Hilux gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe. Hiyo ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu laweza kutoka likaenda zake, na watu walio nyuma juu ya mzigo wakaangamia.

Sasa nguvu yake. Nguvu ya shafti huongezeka haraka kuliko unene wake: ukilinganisha shafti ya milimita 27 na ya milimita 30 za chuma kile kile, ya pili huvumilia msokoto zaidi kwa theluthi moja na kitu, ingawa kwa macho zinafanana. Pima pale palipo pembamba kabisa, yaani chini ya meno, si juu yake. Land Rover za Series II, na zile fupi za Series III, zina meno 10 upande wa difu. Land Rover nyingi ndefu za Series III zina ekseli ya Salisbury yenye meno 24, nayo ni imara zaidi. Hii hutambulikana kwa nje, maana difu yake ina kifuniko cha bolti upande wa nyuma.

Fundi akikuuzia shafti iliyochongwa mtaani, jaribu kuikwaruza kwa tupa. Tupa ikiuma kwa urahisi kama katika msumari, chuma hicho hakikukazwa kwa moto, kiache. Wala usikubali iliyokatika ichomelewe, kwa sababu moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma.

Wako mafundi wa magari ya mbio, kama yale ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, ambao huchora mstari mnyoofu wa rangi toka ncha moja ya shafti mpaka nyingine. Mstari ukianza kuzunguka kama kamba, shafti imejikunja, nayo hutupwa hata kama bado ni nzima. Mkulima naye aweza kufanya hivyo. Katika Land Rover ni kufungua bolti sita na kuivuta nje, hata jeki haihitajiwi.

Hasara kubwa huletwa na mguu wa dereva. Katika giya ya kwanza ya chini, Land Rover ya zamani huzidisha nguvu ya injini karibu mara 40. Gurudumu likizunguka bure mchangani kisha likashika jiwe ghafula, nguvu yote huishia kwenye shafti. Likianza kuchimba, simama, punguza mzigo, chimba kwa jembe. Tena wale wanaotia injini kubwa ya dizeli katika gari la zamani wakaacha shafti zile zile za meno 10, mimi siwezi kupanda gari lao.

Atakaye kuweka akiba anunue mbili, kwa maana difu ya Land Rover haiko katikati, na shafti ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia.