Popo Wanywao Damu

Walio wengi kati ya popo wa dunia ni wanyama wasio na madhara, walao wadudu au matunda. Lakini katika nchi za Amerika, tangu Meksiko mpaka Ajentina, wako wa aina tatu ambao chakula chao ni damu tu. Huku Afrika hawapo kabisa, na wale tuwaonao jioni wakitoka katika mapaa yetu hawahusiki.

Aina mbili hupenda zaidi damu ya ndege. Ya tatu ndiyo adui wa wafugaji. Popo huyu ana uzito upatao wakia moja, naye hushinda mapangoni au ndani ya miti yenye uwazi. Usiku wa giza, maana hapendi mbalamwezi, hutoka kutafuta ng'ombe aliyelala. Mara nyingi hutua chini kimya, akatambaa kwa miguu na vidole gumba vya mabawa yake. Tena aweza kukimbia. Pua yake huhisi joto, hivyo hujua mahali damu ilipo karibu na ngozi, akakata kidogo kwa meno makali kama wembe. Watu husema hunyonya, lakini sivyo: huramba kama paka arambavyo maziwa, na mate yake huizuia damu isigande.

Akikosa chakula kwa muda wa siku tatu hivi, hufa. Mwaka 1984 mtaalamu Gerald Wilkinson alieleza jambo la ajabu aliloliona huko Kostarika: popo aliyeshiba humtapikia damu mwenzake mwenye njaa, awe jamaa yake au rafiki aliyezoeana naye.

Anywacho, kama kijiko kikubwa kimoja, si kitu kwa ng'ombe. Hatari ni kichaa cha mbwa. Katika kisiwa cha Trinidad, tangu mwaka 1925, ng'ombe wengi walipooza wakafa, na watu baadaye, na kwanza ikadhaniwa ni maradhi mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Daktari Joseph Pawan, mzaliwa wa kisiwa hicho, alithibitisha kwamba walioleta ugonjwa ni popo hao. Siku hizi wafugaji huwachanja ng'ombe wao. Wako waliochoma mapango kwa moto na kuyapasua kwa baruti, wakaua popo wala matunda na wala wadudu kwa maelfu.