Pambo na Ukumbusho: Picha za Sebuleni Mjini Lubumbashi

Katika Kiswahili sanifu, kitu kinachotundikwa ukutani ili nyumba ipendeze huitwa pambo. Mjini Lubumbashi, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, familia nyingi za wafanyakazi, walimu na makarani zilitundika sebuleni picha zilizochorwa kwa mkono na mafundi wa mitaani. Picha hizo zilipendezesha nyumba, hapana shaka. Hata hivyo, neno lililozoeleka katika kueleza kazi yake halikuwa pambo, bali ukumbusho. Makala hii inakusudia kueleza jinsi picha hizo zilivyotengenezwa na kuwekwa nyumbani, tofauti iliyopo kati ya maneno hayo mawili, na sababu ya tofauti hiyo kutuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili katika Kongo.

Desturi ya kuchora picha kwenye nyumba za Katanga haikuanzia mjini. Mwaka 1926, afisa wa Kibelgiji aitwaye Georges Thiry aliona huko Bukama nyumba ambazo kuta zake zilikuwa zimechorwa na Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji ili achore juu yake yale aliyokuwa akiyachora ukutani. Mkewe Lubaki, Antoinette, naye alichora. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Hivyo pambo la ukutani, ambalo halikuweza kuondolewa mahali pake, likawa kitu cha kubebeka, na papo hapo likabebwa kwenda mbali na wenye nyumba. Jambo hili tutalirudia.

Baadaye, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mjini Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Humo walitokea wachoraji mashuhuri kama Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Kazi zao nzuri zilinunuliwa zaidi na wageni. Wachoraji wa mitaani waliokuja baada yao walikuwa na wateja wa namna nyingine: jirani, mfanyakazi wa mgodini, mwalimu wa shule.

Vifaa vya fundi wa mtaani vilikuwa vichache. Kitambaa chake mara nyingi kilikuwa gunia la unga lililotengenezwa kwa pamba. Alilikata, akalikaza kwa misumari juu ya fremu ya vijiti vya mbao, akalipaka rangi ya kwanza ili kuziba matundu ya nyuzi. Ilipokauka, alichora mistari, kisha akajaza rangi. Aliweza kutayarisha vitambaa kadhaa kwa pamoja na kurudia picha ile ile kila ilipotakiwa. Kazi ilipokwisha aliibeba na kuitembeza mitaani, nyumba kwa nyumba. Kurudia picha hakukuhesabiwa kuwa aibu. Mteja hakutafuta kitu ambacho hakijaonekana kwa mwingine. Alitaka kile kile alichokiona kwa jirani, kwa kuwa alikielewa.

Miongoni mwa picha zilizopendwa, tatu zinafaa kutajwa. Ya kwanza ni mamba muntu, kiumbe aliye nusu mwanamke na nusu samaki, anayesemekana kumpa mtu utajiri kwa masharti mazito. Ya pili ni inakale, yaani mambo yamebana: mtu amekwama juu ya mti, simba anamngoja chini, nyoka yu matawini, na majini yumo mamba. Ya tatu ni ile iliyojulikana kwa jina la Kifaransa, Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari anamchapa kiboko, na afisa wa Kizungu anasimama akitazama, huku bendera ya Ubelgiji ikipepea.

Picha hizi ziliwekwa mahali pa heshima. Sebule ya mjini ilikuwa na utaratibu wake: viti na meza ndogo, vitambaa vilivyofumwa au kutariziwa na mama wa nyumba, pengine maua ya karatasi, na juu yake picha. Ufundi wa sindano ulifundishwa pia katika vituo vya ustawi wa wanawake vilivyoendeshwa na kampuni ya migodi ya Union Minière. Siku ya karamu, kitambaa kilifuliwa, viti vikasogezwa, na wageni wakakaa mbele ya picha. Sasa, mtu anayekula na kunywa chini ya picha ya mfungwa anayechapwa anafanya nini? Tukisema kwamba anatazama pambo, bado hatujajibu swali.

Hapa sarufi inatusaidia. Pambo limetokana na kitenzi kupamba. Tunapamba nyumba, tunapamba meza, tunampamba bibi harusi. Kinachotendwa ni kile kinachotazamwa. Ukumbusho umetokana na kukumbusha, kitenzi cha kusababisha kinachotoka katika kukumbuka, kama vile kuamsha kunavyotoka katika kuamka. Kinachotendwa hapa si nyumba, bali mtu. Picha inamkumbusha mwenyeji, inamkumbusha mgeni, inawakumbusha watoto wanaosikiliza. Pambo hukamilika likishawekwa vizuri. Ukumbusho haukamiliki mpaka mtu aseme: “Baba yangu aliyaona haya.” Kwa hiyo picha ilikuwa mwanzo wa mazungumzo, na mazungumzo hayo yalikuwa kwa Kiswahili.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni kazi ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi, tangu zamani za mababu, kupita ukoloni na kifo cha Patrice Lumumba mwaka 1961, hadi siku zake mwenyewe. Alizieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi mbele ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mji huo, na maelezo hayo yakarekodiwa. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na alikuwa na haki ya kujiita hivyo. Habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha za mfululizo huo zimehifadhiwa Amsterdam.

Sasa na turudi kwenye jambo la kubebeka. Jumba linalohifadhi vitu kama hivyo huitwa kwa Kiswahili jumba la makumbusho, na neno hilo ni la shina lile lile. Sebule ya mfanyakazi ilikuwa makumbusho kabla picha hazijaingia katika jumba la Ulaya. Lakini zilipofika huko, zilibaki na rangi zake, zikapoteza watu wa kukumbushwa. Na zile zilizobaki kwetu hazikupata ulinzi. Gunia la unga huoza. Migodi ilidhoofika, na mishahara ya wateja ikadhoofika pamoja nayo. Katika miaka ya 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, zikaondoka na kile tu kilichowezekana kubebwa. Pamoja na picha, maneno yaliyosemwa mbele yake yako hatarini kupotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi uitwao Mémoires de Lubumbashi ulianza kukusanya vitu na simulizi za wenyeji wa mji. Njia hiyo iendelezwe hata katika masomo ya lugha. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kumwendea mzee wa nyumbani kwake na kumwuliza: ukutani kwenu palitundikwa nini, na wageni walisema nini walipoitazama? Aandike majibu kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili cha msemaji, bila kuyasahihisha. Kamusi zetu zinalijua neno ukumbusho. Matumizi yake ya sebuleni wanayajua wazee, na hao hawatakuwa nasi siku zote.