Keroka: Mji mmoja, kaunti mbili

Ukitoka Nairobi kwa basi kupitia Narok, Bomet na Sotik, utapita Keroka kabla ufike Kisii mjini. Shuka hapo, nunua ndizi, halafu uliza: hapa ni Kisii ama Nyamira? Jibu linategemea umesimama upande gani wa mji.

Zamani hilo swali halikuwa na maana. Gusii yote ilikuwa wilaya moja, Kisii, hadi Nyamira ilipokatwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata hapo, DC wa kila upande alitumwa na Nairobi tu.

Mambo yalichacha baada ya 2013, ugatuzi ulipoanza. Kila kaunti sasa ilisaka mapato yake, na soko la Keroka lina pesa. Wafanyabiashara wakaanza kulalamika kwamba wanaitishwa ushuru mara mbili, huku wakubwa wakivutana kuhusu mpaka.

Na mpaka wenyewe? Pande zote wanaongea Ekegusii, wameoana, wanazikana. Unauona kwenye ramani na kwenye risiti.

Basi sawa, kila mtu anataka ushuru wa Keroka. Takataka je, ni za nani?